Pacific Destiny: Filamu, Tawasifu na Kisiwa cha Banaba

Pacific Destiny ni filamu ya Uingereza iliyotoka mwaka 1956, mwongozaji wake akiwa Wolf Rilla. Inasimulia habari za Arthur Grimble, kijana wa Kiingereza anayefika na mkewe Olivia katika Visiwa vya Gilbert na Ellice, katikati ya Bahari ya Pasifiki, kuanza kazi ya utawala wa kikoloni. Denholm Elliott anaigiza kama Grimble, Susan Stephen kama Olivia, na Michael Hordern kama mkubwa wao wa kazi, mzee mkali asiyeona kama kijana huyu atafaa kitu. Kisa hakikutungwa. Kimetolewa katika tawasifu ya Grimble mwenyewe, A Pattern of Islands, iliyochapishwa London mwaka 1952. Kwa hiyo anayeitazama filamu hii anatazama vitu vitatu vilivyopandana: maisha ya mtu, kumbukumbu alizoziandika karibu miaka 40 baadaye akiwa mstaafu, na picha zilizopigwa juu ya kumbukumbu hizo. Kila tabaka limeacha kitu nje, na kilichoachwa nje ni kikubwa.

Grimble alizaliwa Hong Kong mwaka 1888, akasoma Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1914 Wizara ya Makoloni ikampeleka Pasifiki kama afisa mwanafunzi. Vijana wa namna yake walitawanywa katika dola nzima. Wenzao waliopangiwa Afrika Mashariki ndio ambao wenyeji walikuja kuwaita Bwana Shauri, kwa kuwa kila neno la wilaya, tangu kesi ya mbuzi hadi kodi ya kibanda, liliishia mezani pao. Visiwa alivyopelekwa Grimble vilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1892, vikafanywa koloni kamili mwaka 1916. Leo ni nchi mbili, Kiribati na Tuvalu. Na neno Kiribati si jingine ila ni Gilbert lilivyogeuka katika ulimi wa wenyeji. Grimble alifanya kazi huko, pamoja na likizo zake, hadi mwaka 1933, na kuanzia 1926 alikuwa Kamishna Mkazi, yaani mkuu wa koloni yote. Baadaye alitawala St Vincent katika Karibi, kisha Shelisheli, kisha Visiwa vya Windward, akastaafu mwaka 1948 akiwa na cheo cha Sir.

Umaarufu ulimjia uzeeni. Alianza kusimulia mambo ya visiwani katika redio ya BBC, na wasikilizaji wakampenda. Kitabu kilizaliwa humo, na ndiyo maana sentensi zake zinasikika kama za mtu anayezungumza barazani baada ya chakula cha usiku, kitako kimetulia, hana haraka. Kilisomwa sana Uingereza, kikaingia hata mashuleni. Kinahusu hasa miaka yake ya mwanzo, alipokuwa mgeni asiyejua kitu, na humo msimulizi mwenyewe ndiye anayekosea, ndiye anayefundishwa. Binti mdogo wa kijijini anamwelekeza adabu ya kupokea dafu na maneno yanayopaswa kutamkwa. Wazee wanamfundisha nyota kwa kumwonyesha dari la nyumba, kwa maana mabaharia wa Gilbert waliigawa anga kwa mfano wa mapaa na maboriti. Msomaji anacheka pamoja na mwandishi, tena bila kumdharau mwenyeji yeyote. Kwa kitabu cha afisa wa kikoloni, hilo si jambo dogo.

Kisa kinachokumbukwa kuliko vyote ni cha pweza. Katika pwani ya Waswahili pweza huchokolewa kwa mti au chuma maji yakitoka, na mwindaji hutembea juu ya mwamba akichungulia mashimo. Vijana aliowaona Grimble waliwinda namna nyingine kabisa. Walikwenda wawili. Wa kwanza alikuwa chambo: alipiga mbizi hadi mbele ya pango la pweza, akajichezesha pale mpaka mnyama amrukie na kumfunga kwa minyiri yake, huku yeye amejikinga macho kwa kiganja. Hakupigana wala hakujikukurusha. Wa pili alisubiri kidogo, kisha akazama, akamvuta mwenzake kwa nguvu hadi mnyama akang'oka mwambani, akaibuka naye juu, na hapo akamuuma pweza katikati ya macho. Kazi ikaisha kwa meno. Grimble alikuwa akitazama kwa utulivu wa mtazamaji mpaka vijana walipomgeukia na kumwomba, kwa heshima zote, awe chambo. Hakuweza kukataa, kwani habari ya afisa mwoga ingekwisha kufika kila kisiwa kabla yeye mwenyewe hajafika. Akaingia majini. Anaeleza baridi ya ile minyiri, mdundo wa vikombe vyake juu ya ngozi, na jinsi mkono ulivyofunika macho usithubutu kuondoka.

Ukurasa huo unaonyesha nguvu ya kitabu, na pia unaonyesha jinsi tawasifu inavyofanya kazi. Mtu anayekiri woga wake katika jambo dogo hupewa imani na wasikilizaji wake. Wakishampa imani, hawamwulizi tena juu ya mambo ambayo hakuyataja. Grimble hakusema uongo juu ya pweza, wala hakuna sababu ya kudhani kwamba upendo wake kwa visiwa ulikuwa wa kuigiza. Alijifunza lugha ya Gilbert hadi akaimudu vizuri sana. Alikusanya nasaba, hadithi za asili, nyimbo za ngoma na elimu ya nyota. Akaandika makala za kitaalamu zilizochapishwa katika majarida ya miaka ya 1920 na 1930. Na daftari zake zilikuja kuhaririwa na Harry Maude, aliyewahi kuwa afisa chini yake, zikatoka mwaka 1989 kwa jina la Tungaru Traditions. Watu wa Kiribati wanaotafuta mapokeo ya mababu zao bado wanazirudia kurasa hizo. Mchango huo ni wa kweli, na usifutwe na yatakayofuata.

Filamu ilikuja miaka minne baada ya kitabu. Hicho kilikuwa kipindi ambacho watengenezaji wa Uingereza walikuwa wakitoka nje kutafuta jua, rangi na mandhari ambayo televisheni ya nyumbani isingeweza kuyatoa. Afrika Mashariki iliwaona: Where No Vultures Fly ya 1951 na West of Zanzibar ya 1954 zilipigwa huku, zikiwa na mhusika mkuu mweupe mwenye nia njema ambaye kila tatizo linamngoja yeye alitatue. Pacific Destiny ni ndugu wa filamu hizo, ila ina upole zaidi. Shujaa wake hana bunduki. Silaha yake ni subira, lugha na tabia njema, na mtihani wake mkubwa ni kukubaliwa, kwanza na wenyeji, kisha na yule mkubwa wake mkali. Elliott alikuwa na uso uliofaa kwa kazi hiyo, uso wa kijana anayejitahidi kuficha kwamba hajui afanyalo. Miongoni mwa wasanii wa Pasifiki waliokuwamo alikuwa Inia Te Wiata, Mmaori wa New Zealand mwenye sauti nzito, aliyejulikana zaidi katika opera.

Lakini filamu haikupigwa katika Visiwa vya Gilbert. Ilipigwa Samoa, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya New Zealand. Kwa mpiga picha uamuzi huo unaeleweka: Samoa ina bandari, ina mji wa Apia, ina milima ya volkano iliyofunikwa na msitu, na mlima wake mrefu kuliko yote unapita meta 1,800. Visiwa vya Gilbert havina mlima hata mmoja. Ni tepe nyembamba za matumbawe, sehemu nyingi hazifiki meta 4 juu ya bahari, zina minazi na mikadi, na mtu akisimama katikati husikia mawimbi pande zote mbili. Udongo ni haba, maji matamu ni haba, na maarifa yote ya wenyeji, tangu mashimo wanamolimia magimbi makubwa hadi jinsi wanavyokausha tunda la mkadi, yamejengwa juu ya uhaba huo. Kuwaweka watu wa Gilbert mbele ya milima ya Samoa ni sawa na kuchukua kisa cha wavuvi wa Pate na kukipiga picha kwenye miteremko ya Uluguru. Nyumba ni nyingine, lugha ni nyingine, ngoma ni nyingine. Mtazamaji wa Ulaya hakuona tofauti, kwake vyote vilikuwa Bahari ya Kusini. Mwenyeji alijikuta ameondolewa katika hadithi ya kisiwa chake huku hadithi ikiendelea kuitwa ya kisiwa chake.

Kuna kisiwa kingine ambacho filamu haikukionyesha, nacho ndicho kisiwa ambako Grimble wa kweli alishuka mwaka 1914. Wenyeji wanakiita Banaba. Waingereza walikiita Ocean Island. Kiko kiasi cha kilometa 400 magharibi ya visiwa vikuu vya Gilbert, peke yake baharini, na eneo lake ni kama kilometa 6 za mraba tu. Tofauti na jirani zake, Banaba ni mwamba ulioinuka, kilele chake kikikaribia meta 80. Hakina mto wala kijito. Maji yake yalikuwa chini ya ardhi, ndani ya mapango yaliyoitwa bangabanga, na mila ilikuwa kwamba wanawake peke yao ndio walioingia. Mvua ilipokatika kwa miezi, wanawake walijipenyeza kwa magoti na tumbo kwenye giza, wakiwa na vifuu vya nazi, wakakinga maji yaliyokusanyika kwenye mwamba, na wakagawa kwa hesabu. Katika miaka ya 1870 ukame ulizidi hata hesabu hiyo, na watu wengi sana walikufa. Katika lugha yao neno aba lina maana ya nchi, na pia lina maana ya watu wa nchi hiyo. Hawakuwa na haja ya maneno mawili.

Mwaka 1900 Albert Ellis, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza, aligundua kwamba mwamba wa Banaba ni fosfeti safi, chakula cha mashamba. Tarehe 3 Mei mwaka huo alipata alama za wazee wachache kwenye mkataba uliotoa haki ya kuchimba kwa miaka 999, kwa malipo ya pauni 50 kwa mwaka. Ardhi ya Banaba ilikuwa mali ya familia, shamba kwa shamba, na hakuna mzee aliyekuwa na mamlaka ya kuitoa yote. Mwaka uliofuata bendera ya Uingereza ikapandishwa. Mwaka 1908 makao makuu ya koloni yote yakahamishiwa hapo, kwenye kisiwa cha machimbo, kwa sababu fosfeti ndiyo iliyolisha bajeti ya utawala. Mwaka 1920 serikali tatu, Uingereza, Australia na New Zealand, zikainunua biashara yenyewe na kuiweka chini ya bodi moja, British Phosphate Commissioners. Tangu hapo mwenye kuchimba alikuwa serikali, na mwenye kuwalinda wenyeji dhidi ya mchimbaji alikuwa serikali hiyohiyo. Australia na New Zealand zilipata mbolea kwa bei nafuu, malisho ya ng'ombe na kondoo wao yakastawi. Banaba ilibaki na nguzo za chokaa zilizochongoka, zilizosimama kama meno baada ya fosfeti kukwanguliwa katikati yake, mahali ambapo mnazi haushiki wala mtu hapiti.

Grimble alipokuwa Kamishna Mkazi, bodi ilitaka ekari nyingine 150. Wabanaba walikataa. Walikuwa wamekwisha ona ardhi iliyochimbwa inavyofanana, na mkataba wa 1913 uliokuwa umeahidi kupanda upya minazi na miti ya chakula haukuwa umewapa miti. Mazungumzo yalikwama. Serikali ikatunga sheria ya mwaka 1928 ya kuiwezesha kuchukua ardhi kwa lazima. Tarehe 5 Agosti 1928, Grimble aliandika barua kwa watu wa kijiji cha Buakonikai, kwa lugha yao wenyewe.

Barua hiyo inasomeka kama onyo la mzazi aliyekasirika. Inawaambia wanakijiji kwamba wamemwaibisha mkubwa wa dola aliyewatendea wema, na kwamba kamishna hawezi kujadiliana nao tena. Kisha inaweka mbele yao njia mbili, moja imepewa jina la uzima, nyingine jina la mauti. Wakitia saini, kosa lao litasamehewa, mipaka ya ardhi itajulikana na fedha zitajulikana. Wasipotia saini, ardhi itachukuliwa vilevile, na nani atajua machimbo yatakomea wapi, na nani atajua bei itashuka hadi wapi. Mwishoni, baada ya baraka na salamu, kuna nyongeza inayodokeza kwamba kukivunja kijiji cha Buakonikai kupisha machimbo nalo ni jambo la kufikiriwa. Aliyeandika anajiita baba yao mwenye kuwapenda.

Watu wa Buakonikai hawakutia saini. Ardhi ilichukuliwa kwa lazima mwaka 1931.

Yeyote aliyesoma A Pattern of Islands au kuiona filamu anapaswa kusimama mbele ya barua hii kwa muda. Ule uwezo ambao filamu inausifu tangu mwanzo hadi mwisho, wa kijana wa kigeni kujifunza lugha ya watu na kujua kinachowagusa moyoni, ndio uliotumika hapa. Afisa asiyejua lugha angeandika tangazo la kisheria kwa Kiingereza, mkalimani angelisoma kwa sauti kavu, na kijiji kingelipokea kama amri ya mgeni. Grimble alijua uzito wa aibu katika jamii ile. Alijua neno la mkubwa lina kishindo gani, na alijua kwamba mtu akijiita baba huwa anaomba utiifu wa mtoto. Alipenda, alijifunza, akajua, halafu akakitumia alichokijua kwa kazi aliyotumwa. Haihitajiki kumwona kuwa mnafiki ili kuelewa hili. Upendo wake ulikuwa umeajiriwa. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua sura hiyo kutoka kwa maafisa waliosema Kiswahili fasaha, waliokusanya methali na kuhifadhi mashairi, na asubuhi yake wakasimamia watu kuhamishwa kutoka mashamba yao.

Mwanahistoria Barrie Macdonald, aliyechunguza maisha ya Grimble katika miaka ya 1970, alionyesha umbali uliopo kati ya msimulizi mpole wa redio na mtawala aliyekuwako. Mwaka 1930 Grimble alitoa kanuni za utaratibu mwema na usafi kwa visiwa vyote, kanuni zilizoingia ndani ya maisha ya watu hadi kupangia muda wa ngoma na saa za kuwa ndani usiku. Ni yeye yuleyule aliyeandika kurasa nzuri kabisa juu ya ngoma hizo. Mtu anaweza kuusifu wimbo kwa moyo wote na wakati huohuo akaandika kanuni ya kuunyamazisha, asione mgongano, kwa kuwa usiku anaandika kama mpenzi wa watu na mchana kama mtumishi wa ofisi. Tawasifu iliandikwa na yule wa usiku.

Kitabu hakikudanganya kuhusu 1928. Kinaegemea miaka ya ujana, na kila tawasifu ina haki ya kuchagua ianzie wapi na ikomee wapi. Lakini mahali pa kukomea ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana. Hadithi ya afisa ikikomea kabla hajapata mamlaka makubwa, makosa yake yote yatakuwa ya kuchekesha, kwa kuwa hayakumgharimu mtu yeyote ila yeye. Filamu iliubana wakati huo zaidi. Ilichukua ujana peke yake, ikaondoa machimbo, ikaondoa winchi za kupakia meli na vumbi lililotanda juu ya mapaa, ikabaki na ufuo. Watu waliojua Pasifiki kupitia sinema wakapata utawala usio na biashara nyuma yake, kana kwamba vijana wa Cambridge walivuka nusu ya dunia ili wapendwe tu.

Shelisheli, alikokuwa gavana kuanzia 1936 hadi 1942, ni jina linalojulikana vyema upande huu wa bahari. Ndiko Waingereza walikowapeleka uhamishoni Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro baada ya kuwakamata mwaka 1899, na baadaye Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar. Visiwa vidogo vya mbali vilikuwa pia gereza la dola, mahali pa kumweka mtu asiyetakiwa kwao. Wabanaba nao waliuonja uhamisho, ila wao walikwenda kijiji kwa kijiji.

Mwaka 1942 jeshi la Japani liliiteka Banaba. Wenyeji walitawanywa kwenda Kosrae, Nauru na Tarawa kufanya kazi za shuruti. Wanaume wapatao 150 waliobakizwa kisiwani waliuawa Agosti 1945, Japani ikiwa imekwisha salimu amri, na mmoja tu ndiye aliyesalimika kusimulia. Vita vilipokwisha, Wabanaba hawakurudishwa nyumbani. Waliambiwa vijiji vimebomolewa. Tarehe 15 Desemba 1945 walishushwa kutoka kwenye meli katika kisiwa cha Rabi, nchini Fiji, zaidi ya kilometa 2,000 kutoka kwao: watu 1,003, Wabanaba 703 na ndugu zao wa Gilbert 300. Kisiwa hicho kilikuwa kimenunuliwa mwaka 1942 kwa fedha za mfuko wao wenyewe, zilizotokana na mrabaha wa fosfeti. Walikuta mahema ya kijeshi na chakula cha miezi michache, na msimu wa vimbunga ulikuwa umeanza. Rabi ina mito, misitu na baridi ya asubuhi. Watu waliokuwa wamejifunza kwa vizazi kuhesabu maji kwa vifuu walilala chini ya turubai mvua ikiwanyeshea. Wengine, hasa wazee na watoto, hawakuumaliza mwaka wa kwanza.

Machimbo yaliendelea nyuma yao. Filamu ilipotoka mwaka 1956, meli zilikuwa zikipakia fosfeti Banaba kama kawaida, na Wabanaba walikuwa na karibu miaka 11 Rabi. Grimble alifariki Desemba mwaka huohuo.

Barua ya 1928 ilirudi hadharani katika miaka ya 1970, Wabanaba walipoifikisha serikali ya Uingereza na bodi ya fosfeti mbele ya Mahakama Kuu jijini London. Kesi ilichukua zaidi ya siku 200 za kusikilizwa, mojawapo ya kesi ndefu kabisa katika historia ya mahakama hizo. Jaji Robert Megarry alisafiri hadi Banaba kuona kwa macho yake, akapita kati ya zile nguzo za chokaa. Hukumu ilitoka mwaka 1976. Alikubali kwamba bodi ilivunja ahadi ya kupanda miti, lakini fidia aliyoitoa kwa hilo ilikuwa ndogo. Kuhusu wajibu wa serikali, aliona kwamba ulikuwa wajibu wa kiutawala, usioweza kulazimishwa na mahakama, na akaiachia serikali ijipime yenyewe. Mwaka 1977 serikali tatu zilijitolea kulipa dola milioni 10 za Australia bila kukiri deni, na baada ya kusitasita kwa miaka kadhaa Wabanaba walizipokea mwaka 1981. Uchimbaji ulikwisha mwaka 1979, na Kiribati ilipata uhuru tarehe 12 Julai mwaka huohuo. Tani milioni 20 na zaidi zilikuwa zimeondoka. Katiba ya nchi mpya iliwapa Wabanaba nafasi bungeni na ikalinda haki yao ya kuingia na kukaa kisiwani, na mamia machache wanaishi huko hadi leo, pembezoni mwa machimbo.

Msomi Katerina Teaiwa, mwenye asili ya Banaba, alitoa kitabu chake Consuming Ocean Island mwaka 2014, akifuatilia kisiwa kilivyosagwa na kumwagwa juu ya mashamba ya nchi nyingine. Hoja yake inaenda mbali zaidi ya malipo: ikiwa aba ni ardhi na watu kwa pamoja, basi kilichotawanywa kwenye malisho ya Australia na New Zealand si madini tu. Kumbukumbu za namna hiyo hazina msimulizi mmoja, wala hazisimuliwi redioni na mstaafu mwenye sauti nzuri. Zimetunzwa katika nyaraka za kesi, katika majina ya vijiji vya Rabi, ambavyo vilipewa majina ya vijiji vilevile vinne vya Banaba, Buakonikai kikiwa kimojawapo, na katika miili ya wachezaji.

Kila tarehe 15 Desemba watu wa Rabi hukusanyika kuadhimisha siku waliyoshushwa. Kuna ibada, kuna karamu, na kuna tamthilia ya ngoma inayoichukua historia yao tangu mababu. Wachezaji, wamevaa majani ya minazi na mikadi, huonyesha kuja kwa wageni na kuanza kwa machimbo. Huonyesha wanawake wakishuka mapangoni kutafuta maji. Watazamaji, waliozaliwa Fiji na ambao wengi wao hawajaiona Banaba, wanaijua kila hatua kabla haijachezwa.